Jedwali la Alfajiri

Jumatatu, 7 Septemba

Ustadha wa Dini amejifungua pacha wiki tatu kabla ya siku zake, na uchungu nimeupata mimi.

Mwalimu Mkuu aliniita ofisini kabla sijavua koti la mvua. Alikuwa anagonga mihuri, hakuinua hata macho. "Vipindi vya Dini vya kidato cha kwanza utavishika wewe mpaka muhula uishe." Nikamwambia mimi ni mwalimu wa hesabu. "Kwani wewe si Mwislamu?" Alhamdulillahi, nikasema. "Basi," akasema, akagonga muhuri mwingine.

Kidato cha kwanza ndiko aliko binti yangu, mtoto wetu wa pekee. Nyumbani ananiita Baba, darasani ananiita Mwalimu, na nyuma ya mgongo wangu ananiita Desimali kama wenzake wote, kwa sababu sijawahi kumpa mwanafunzi alama isiyo na nukta.

Daftari hili nimepewa na mke wangu. Ni mkunga, tena hao pacha wamepokewa na mikono yake. Anasema malalamiko yangu yatafutiwe pa kukaa, maana masikio yake yamejaa. Na kwa kuwa hakuna atakayelisoma, niseme kweli. Mimi ni Mwislamu wa Ijumaa. Ijumaa sikosi. Ramadhani nafunga yote. Magharibi nasali mvua isiponizuia, Isha usingizi usiponiwahi. Alfajiri hatujuani. Mke wangu aliniamsha miaka mitatu ya mwanzo wa ndoa, kisha akanyoosha mikono, akasema yeye aliolewa na mtu, si na gogo.

Jumanne, 8 Septemba

Kipindi cha kwanza. Nguzo tano za Uislamu nimezitiririsha bila kuangalia karatasi: shahada, sala, zaka, saumu, hija. Nikajiona bingwa. Nikaingia nguzo sita za imani: kumwamini Mwenyezi Mungu, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, siku ya mwisho. Nikahesabu kwa vidole, zikawa tano. Nikahesabu tena. Hesabu ndiyo kazi yangu, na zikabaki tano.

Mkono ukanyooka mstari wa mbele. Binti yangu. "Mwalimu, umesahau kadari."

"Ilikadiriwa nisahau," nikasema. Wakacheka, nikaokoka. Lakini mtoto mmoja hakucheka. Huyu wenzake wanamwita Kwa Nini, na nimeshajua sababu. Aliniuliza kwa nini nguzo za Uislamu ni tano na za imani ni sita, kwa nini zisilingane. Nikamwambia tano na sita ni kumi na moja, na kumi na moja ni namba tasa. Akaandika. Mungu anisamehe, akaandika kabisa.

Ijumaa, 11 Septemba

Mvua zimekolea. Mama mkwe amehamia kwetu na masanduku mawili na mkeka wake wa kusalia. Paa lake linavuja. "Wiki moja tu, mkwe wangu, fundi akimaliza sikai hata dakika." Nikamwambia hapa ni kwako, mama. Nilisema vizuri sana, mke wangu mwenyewe alinitazama mara mbili.

Jumanne, 15 Septemba

Udhu kwa vitendo, bombani, mvua ilipopumua kidogo. Darasa zima lilinizunguka. Nikaeleza nia, nikaosha viganja, nikasukutua, nikapandisha maji puani, nikaosha uso, nikaosha mikono mpaka kwenye viwiko. Mpaka hapo sikukosea. Kisha nikachota maji, nikapangusa kichwa, nikainama kuosha miguu.

Kimya. Watoto arobaini na wawili kunyamaza kwa mpigo ni jambo la kutisha. Nikainua macho.

"Mwalimu," akasema Kwa Nini, "kwa nini umepangusa kofia?"

Nikashika kichwa. Kofia ilikuwa hapo, imelowa upande mmoja. Nilitaka kusema ni bahati mbaya, nikakumbuka kwamba leo asubuhi mke wangu aliniuliza kwa nini kofia zangu zote hupauka mbele. Sasa najua. Nimeosha kofia kwa nia safi miaka mingi sana.

Binti yangu alikuwa anatazama viatu vyake.

Ijumaa, 18 Septemba

Paa la mama mkwe: bado.

Jumanne, 22 Septemba

Sala na rakaa zake. Hapa nilikuwa nyumbani kwangu. Alfajiri mbili, Adhuhuri nne, Alasiri nne, Magharibi tatu, Isha nne. Jumla kumi na saba. Kwa Nini akanyoosha mkono, akasema ni namba tasa. Nimempa kumi na tisa nukta tano.

Ijumaa, 25 Septemba

Paa: bado. Fundi anasema hapandi juu mvua ikinyesha. Na mvua isiponyesha anasema hakuna haraka, kwani haivuji.

Alhamisi, 1 Oktoba

Leo nimepata wazo zuri kuliko yote niliyowahi kupata katika kazi hii. Ustadha ameacha karatasi za maelezo ya muhula mzima, lakini ni maneno matupu, hakuna hata mchoro mmoja. Nimezipanga upya kutoka nyepesi kwenda nzito. Sura ya nne, inayohusu wanaosamehewa sala, ina istilahi ngumu za fikihi, nimeisogeza mwisho kabisa wa muhula. Mahali pake nimeweka utafiti.

Kila mwanafunzi atachora jedwali. Juu sala tano, kando watu wa nyumbani kwake, siku ishirini na nane kuanzia Jumatatu. Aliyesali, alama ya vema. Asiyesali, alama ya kosa. Mwisho tutapata wastani, asilimia na mchoro wa duara. Mwalimu Mkuu alipolisikia aliacha mihuri, jambo ambalo sijaliona tangu niajiriwe. Siku ya Wazazi, tarehe saba Novemba, majedwali yote yatabandikwa ukumbini. Amekwisha kumwalika Afisa Elimu.

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Nilipofika mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba na mimi nina nyumba, na nyumba yangu ina mwanafunzi wa kidato cha kwanza.

Ijumaa, 2 Oktoba

Nimefikiria siku nzima njia ya kuahirisha. Afisa Elimu amejibu kwamba atakuja na mkewe. Paa: bado.

Jumatatu, 5 Oktoba

Jedwali limeanza. Jioni nilimuuliza binti yangu, kwa sauti ya kawaida tu, kama naweza kulitupia jicho.

"Haiwezekani, Baba. Ulisema mtafiti haonyeshi takwimu zake mpaka utafiti uishe."

"Nilisema hivyo?"

"Tuliandika."

Analiweka kwenye bahasha, bahasha ndani ya mkoba, na mkoba analalia. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Jumatano, 7 Oktoba

Kumbe mimi si mtu mbaya kuliko wote humu ndani. Mama mkwe amepata habari kwamba sala zake zinaandikwa, na tangu hapo anasali katikati ya sebule, ilhali zamani alisalia chumbani. Akitoa salamu tu, kabla hajakunja mkeka, anaita, "Mjukuu wangu! Umeniandikia?"

"Nimekuandikia, bibi."

"Na sunna zake? Mbili kabla na mbili baada?"

"Hakuna nafasi ya sunna, bibi."

"Hakuna nafasi! Jedwali gani hilo? Nani amelichora?"

Ikabidi binti agundishe karatasi nyingine pembeni kwa sala hizo za ziada. Sasa jedwali letu lina mkia.

Jumamosi, 10 Oktoba

Mvua kutwa. Nimesoma kwenye karatasi za Ustadha kwamba sala iliyompita mtu hulipwa. Nikachukua kalamu, nia yangu ni udadisi wa kitaaluma tu. Nina miaka arobaini na saba. Tangu nibaleghe, miaka thelathini na miwili. Mara siku mia tatu sitini na tano, ni elfu kumi na moja mia sita na themanini. Nikatoa Ramadhani zote, kwa kuwa daku huniamsha, siku mia tisa na sitini. Zikabaki alfajiri elfu kumi, mia saba na ishirini. Rakaa elfu ishirini na moja, mia nne na arobaini. Miaka mirefu, ile yenye siku moja ya ziada, sijaigusa.

Nimefundisha namba maisha yangu yote na hakuna hata moja iliyowahi kunidai. Hii inanidai. Mama mkwe alipita nyuma yangu, akauliza nahesabu nini. Nikasema nasahihisha mitihani.

"Basi aliyefanya huo mtihani amefeli," akasema. "Unavyoguna!"

Jumanne, 13 Oktoba

Leo ni nia. Nimewaambia kila tendo huhesabiwa kwa nia yake, na anayesali ili watu wamwone, hiyo huitwa riya, na sala yake ni gunia lisilo na kitu ndani. Nilieleza vizuri. Nilipandwa na hamasa mpaka chaki ikavunjika.

Kwa Nini: "Mwalimu, na mtu akisali ili jedwali limwone?"

Nikajifanya natafuta chaki.

Jumatano, 14 Oktoba

Riya nimeifundisha Jumanne, nimeifanya Jumatano.

Nilitega saa. Nikaamka kama askari, nikaenda uani kutia udhu. Lakini mtu anayeamka kimya kimya, nani atamwandikia? Kwa hiyo nikakohoa. Nikakohoa tena mbele ya mlango wa binti. Nikaangusha ndoo, kwa makusudi, kisha nikaangusha na mfuniko wake bila makusudi.

Aliyetoka si binti. Mama mkwe alitoka na mchi mkononi, ameuinua juu. "Mwizi! Leo umepatikana!" Nikapiga kelele, mama, ni mimi, mkweo! Akaushusha mchi polepole, nadhani kwa majuto. Mke wangu naye akatokea, amevaa sare tayari kwenda zamu.

"Unafanya nini?"

"Nataka kusali alfajiri."

Wote wawili wakatazamana. Kisha mama mkwe akasema, kwa upole wa kuumiza, "Wakati haujaingia, mwanangu. Imebaki nusu saa nzima. Ukisali sasa utakuwa umesali ya nani?"

Nikakaa kwenye kiti nisubiri. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limenipiga usoni, chai imepoa mezani, na binti yangu anafunga kamba za viatu. Alilala fofofo muda wote huo, hakusikia chochote. Hasara juu ya hasara.

Ijumaa, 16 Oktoba

Paa: bado.

Jumanne, 20 Oktoba

Mvua imepiga bati mpaka nikafundisha kwa ishara. Wamedhani naonyesha sala kwa vitendo.

Alhamisi, 22 Oktoba

Zaka. Fungu moja katika arobaini, mbili nukta tano kwa mia. Dini yenyewe ina desimali! Sijawahi kuwa na furaha kiasi hiki darasani.

Ijumaa, 23 Oktoba

Paa: bado. Nimeamua kutotega saa tena. Afadhali nionekane mvivu kuliko mnafiki, nilijiambia. Hoja nzuri. Imeniruhusu kulala mpaka saa moja.

Ijumaa, 30 Oktoba

Paa: bado. Binti yangu amekuwa mpole kwangu siku hizi, ananimiminia chai kabla sijaomba. Mtu hutendewa hivyo akiwa mgonjwa. Najua ameandika nini kwenye ile bahasha: alama ya kosa ishirini na nane, zimejipanga. Wiki ijayo zitaning'inia ukumbini mbele ya wazazi, Afisa Elimu na mkewe. Na hilo la wageni nitalimeza. Linalonisumbua ni mtoto mwenyewe. Amekaa mwezi mzima, kila asubuhi, akiandika kwa mkono wake kwamba baba yake anayemfundisha sala hasali.

Jumanne, 3 Novemba

Nimekusanya majedwali. Binti alinipa bahasha yake imefungwa kwa gundi, nikaitia chini ya rundo kama kitu cha moto.

Nilipopitia mengine niliona jambo la ajabu sana kitakwimu. Akina mama wengi wanasali bila kukosa, kisha ghafla kuna pengo. Siku tano, sita, mpaka saba, mfululizo, sala zote tano, halafu wanaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea! Akina baba hawana pengo hilo. Mabibi hawana. Nikawaza pengine ni zamu za kazi. Nikawaza pengine ni uchovu wa mwisho wa mwezi, lakini tarehe hazilingani.

Kwa Nini naye alikuwa ameliona. "Mwalimu, kwa nini mama yangu anasali wiki tatu tu? Nimemuuliza, akaniambia niache maswali."

Nilimjibu kwa hekima yangu yote. Nikamwambia hata watu wazima huingiwa na uvivu, na mtoto mwema humhimiza mzazi wake kwa heshima.

Jumatano, 4 Novemba

Nimeketi kuandika. Nianze asubuhi.

Mama yake Kwa Nini ana bucha karibu na kituo cha mabasi. Ni mwanamke mrefu, sauti yake imezoea kushindana na msumeno wa mifupa. Aliingia chumba cha walimu na aproni yake ya kazini. Walimu wenzangu wakainamia madaftari, huku masikio wameyaelekeza kwangu.

"Wewe ndiye Desimali?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu kiti."

"Sikai. Umemwambia mwanangu nina uvivu wa kusali? Jana amenihimiza. Mbele ya wateja. 'Mama, Mwalimu amesema uache uvivu.' Nina foleni ya watu tisa, kisu kiko mkononi, nahimizwa!"

Nikamweleza kuhusu utafiti. Nikamweleza, Mungu wangu, nikamweleza kuhusu pengo. Nikamwambia asione haya kwa kuwa si yeye peke yake, akina mama wengi wa darasa hili wana pengo kama lake, na nakusudia kuliandikia ripoti.

Alinitazama. Hasira ikamtoka usoni, ikaingia huruma, na huruma ilinitisha zaidi. Akaniuliza kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, "Mwalimu, wewe umeoa?"

"Nimeoa, mama. Miaka kumi na sita."

"Basi nenda nyumbani," akasema, akaondoka.

Sikuelewa. Naapa sikuelewa. Nilikwenda nyumbani na rundo langu, nikamkuta mke wangu ametoka zamu, ameweka miguu kwenye beseni la maji ya moto. Nikamwonyesha. Nikamchorea mpaka mchoro wa nguzo. Nikasema, "Ona hili pengo. Kwa maoni yako kama mtu wa afya, linaweza kusababishwa na nini?"

Akatoa miguu kwenye beseni, mmoja mmoja, akaipangusa.

"Mume wangu. Umeoa mkunga."

"Naam."

"Una binti wa miaka kumi na mitatu."

"Naam."

"Na mwanamke akiwa katika siku zake, anasali?"

Nilisikia mvua ikinyesha. Nilisikia mama mkwe chumbani akiacha kukohoa ili asikie vizuri. Kila kitu kilinijia kwa pamoja: mwanamke aliye katika hedhi hana sala, wala haidaiwi baadaye. Nililijua hilo. Kila Mwislamu analijua. Liko kwenye Sura ya nne, ile niliyoisogeza mwisho wa muhula kwa sababu ina istilahi ngumu. Na kwa mkono wangu nilikuwa nimepanga kubandika siku za mama arobaini na wawili, na za mabinti zao, kwenye ukuta wa ukumbi, mbele ya Afisa Elimu. Na mchoro wa duara.

"Hilo si kubwa," mke wangu akasema, na sasa alikuwa amekasirika kweli. "Kubwa ni hili." Akapekua majedwali, akayapanga mezani. "Huyu msichana amejaza vema siku zote. Na huyu. Na huyu. Unadhani ni kweli? Ni haya. Hawakuwa na pa kuandika ukweli wao, wakaandika uongo. Umekaa mwezi mzima unawafundisha watoto kudanganya kuhusu sala."

Nikaanza kuyakusanya majedwali. Kutoka chumbani mama mkwe akasema, "Na sunna hakuweka nafasi."

Alhamisi, 5 Novemba

Kabla ya kipindi nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu, nikamwambia majedwali hayabandikwi. Akauliza sababu. Nikasema yanafichua mambo ya wanawake. Alielewa katika sekunde mbili, jambo lililonitia aibu, kwa maana mimi ilinichukua mwezi. Akasema nitafute kitu kingine cha kuonyesha, siku ziko mbili, kazi kwangu.

Nilitoka ofisini nikiwa mwepesi. Mwepesi mno. Nikasimama kwenye varanda nikajiuliza huu wepesi umetoka wapi. Jibu likaja mbio: majedwali yakifa, na bahasha imekufa. Hakuna atakayejua. Nimejificha nyuma ya kanga za akina mama, tena kwa sababu ya heshima kabisa, sababu ambayo mtu yeyote angenisifu nayo. Na ndani ya darasa lile alikuwepo mtoto mmoja atakayejua. Angeniona nikitoa hotuba ya staha, akajua kwamba baba yake amefurahi kuokoka.

Mke wangu alikuja na sare yake, ili awachukue wasichana chumba cha pili kuwafundisha Sura ya nne. Nilimwomba aniachie wote dakika tano kwanza.

Nikawaambia majedwali hayatabandikwa, kila mtu atarudishiwa lake, na aliyejaza lisilo kweli asijilaumu, kosa ni la aliyechora. Nikawaambia sababu ziko mbili. "Ya kwanza mtaielewa leo, wasichana huko na wavulana hapa. Ni sababu nzuri na ingetosha peke yake. Ya pili ni kwamba katika nyumba moja kuna baba ambaye hakusali Alfajiri hata siku moja katika siku ishirini na nane. Nilitaka majedwali yafichwe ili asijulikane. Baba huyo ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Ningelipa wacheke. Sikuweza kumtazama binti yangu. Nilimtazama Kwa Nini, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuuliza.

Aliuliza baadaye, wasichana walipokwisha kutoka. Niliwaeleza wavulana kwa ufupi na kwa adabu: kuna siku ambazo Mola mwenyewe amemwondolea mwanamke sala, na wala hatazilipa, na anayemwita mvivu katika siku hizo hajui dini yake.

"Kwa hiyo mvivu alikuwa..."

"Mimi," nikasema. "Jioni mwombe mama yako radhi. Mimi nitakwenda bucha mwenyewe."

Nilikwenda. Alinisamehe, na akanikatia nusu kilo isiyo na mfupa.

Jumamosi, 7 Novemba

Siku ya Wazazi. Badala ya majedwali, darasa limeonyesha udhu. Mwanafunzi wa kufundishwa nilikuwa mimi. Walinisimamisha mbele ya bomba, wazazi wote chini ya varanda, Afisa Elimu na mkewe viti vya mbele, na kidato cha kwanza wakanielekeza hatua kwa hatua. Nia. Viganja. Kusukutua. Pua. Uso. Viwiko. Nikachota maji, nikainua mkono kichwani.

"KOFIA, MWALIMU!" likapiga kelele darasa zima.

Nikaivua. Varanda nzima ikaangua kicheko. Mama mwenye bucha alicheka akashikilia nguzo. Sikuumia hata kidogo.

Jioni binti yangu alikuja sebuleni na ile bahasha, gundi haijabanduliwa. "Baba, utafiti umeisha. Unaweza kuona takwimu."

Nikamwambia si lazima, mama, nazijua. Akaiweka gotini pangu, akaenda kumsaidia bibi yake kufunga masanduku, kwa sababu fundi amemaliza paa.

Nikafungua. Mstari wa mama yake ulikuwa umeandikwa tu pembeni, "Muulizeni mwenyewe," na wake vilevile. Mstari wa bibi umejaa vema mpaka kwenye mkia. Nikashuka kwenye mstari wa Baba, safu ya Alfajiri, nikiwa nimejiandaa kwa makosa ishirini na nane.

Hapakuwa na kosa hata moja. Mtoto hakufuata maagizo yangu. Katika kila kisanduku ameandika neno kwa mwandiko mdogo mdogo, ili litoshe. Bado. Bado. Bado. Bado. Siku baada ya siku, wiki baada ya wiki, bado. Tarehe kumi na nne tu ndiyo iliyokuwa tofauti. Hapo ameandika: Alijaribu.

Kumbe hakuwa amelala.

Nimelia. Sijui kuliandika hili kwa namna nyingine. Mama mkwe alipita na sanduku lake, akanikuta na karatasi usoni. Hakuniuliza nasahihisha nini.

Jumapili, 8 Novemba

Tumempeleka mama mkwe kwake. Nyumba imekuwa kubwa ghafla, na sebule haina mkeka katikati. Nilidhani nitafurahi.

Jumatatu, 9 Novemba

Leo nimeamka mapema. Sikukohoa, wala sikuangusha ndoo. Yaliyofuata si ya jedwali, na nimekaa hapa na kalamu nikaona si ya daftari pia. Kurasa zilizobaki nitampa binti yangu afanyie hesabu.